CLRPFM haifuati OVRDBF: uchambuzi wa faili la malipo lililosafishwa mara mbili

Kompyuta za kati za IBM, zile zilizoanza kuuzwa mwaka 1988 kwa jina la AS/400 na ambazo leo mfumo wake unaitwa IBM i, zina amri moja fupi ya kuondoa rekodi zote kwenye faili la hifadhidata: CLRPFM. Ni ya haraka, haiulizi swali lolote, na ikishafanya kazi haina amri ya kuirudisha nyuma. Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu programa aliyetaka kusafisha faili la majaribio, akasafisha faili hai, halafu akalisafisha tena baada ya dakika 17. Majina ya maktaba na mafaili yamewekwa kwa ajili ya maelezo, lakini mtego wenyewe umo kwenye kila mashine ya aina hii.

Hali ilikuwa hivi. Maktaba HAIDTA ina faili MALIPO, lenye rekodi 612,480 za malipo ya wateja, kila rekodi ikiwa na urefu wa baiti 148. Faili linaandikiwa jarida la mabadiliko, HAIDTA/MALIPOJRN. Maktaba JARIBUDTA ina faili la jina hilohilo na muundo uleule kwa ajili ya majaribio. Programa aliandika programu ndogo ya CL, lugha ya amri za mfumo huu, ya kupakia data mpya za majaribio:

PGM
OVRDBF FILE(MALIPO) TOFILE(JARIBUDTA/MALIPO)
CLRPFM FILE(MALIPO)
CALL PGM(PAKIA)
DLTOVR FILE(MALIPO)
ENDPGM

Ukiisoma haraka inaonekana salama. Mstari wa kwanza unasema kila anayetaja MALIPO apelekwe JARIBUDTA. Mstari wa pili unasafisha. Wa tatu unaita programu iliyoandikwa kwa lugha ya RPG, inayoandika rekodi mpya. Kosa liko mstari wa pili: CLRPFM haitazami OVRDBF kabisa.

OVRDBF hufanya kazi pale programu inapofungua faili ili kusoma au kuandika. RPG ikifungua MALIPO, mfumo unaangalia kwanza kama kuna maelekezo, unayakuta, unafungua faili la JARIBUDTA. COBOL ni vilevile, na SQL ni vilevile. Lakini CLRPFM haifungui faili kama programu inavyofungua. Inakwenda moja kwa moja kwenye kitu chenyewe, yaani memba wa faili (sehemu ya faili inayobeba rekodi), na kitu hicho inakitafuta kwa njia moja tu: maktaba uliyoitaja, na kama hukutaja, orodha ya maktaba ya kazi hiyo, ambayo mfumo huipitia kwa mpangilio. RGZPFM (kupanga upya memba), INZPFM (kumjaza rekodi za mwanzo) na DLTF (kufuta faili) zina tabia hiyohiyo. Ndani ya programu moja, basi, mistari miwili inayofuatana na inayotaja jina moja ilikwenda kwenye maktaba mbili tofauti.

Thamani ya msingi ya maktaba kwenye kigezo cha FILE ni *LIBL, yaani orodha ya maktaba. Ukibonyeza F4 kwenye CLRPFM utaiona mstari mmoja chini ya jina la faili, na chini yake MBR ikiwa *FIRST. Orodha ya maktaba ya programa huyu ilikuwa na HAIDTA, kwa sababu maprogramu ya ripoti anayoyatunza yanasoma huko. JARIBUDTA haikuwemo, maana kila mara ilifikiwa kwa OVRDBF. Utafutaji ukaikuta HAIDTA/MALIPO, na rekodi 612,480 zikaondoka saa 12:41 jioni.

Mchana kosa hilo lisingepita. CLRPFM inataka faili lisiwe mikononi mwa mwingine. Makarani wakiwa kwenye skrini zao na faili limefunguliwa, amri inakataliwa kwa CPF3156 au CPF3130, kwamba faili au memba anatumika. Jioni ile makarani walishatoka. Iliyobaki ni kazi moja, POKEAMAL, inayopokea malipo ya simu: inafungua faili, inaandika, inafunga, halafu inalala kwa DLYJOB DLY(300). Kwa sehemu kubwa ya kila dakika tano faili halina aliyelishika. Ndiyo maana haifai kuhesabu ujumbe wa "faili linatumika" kuwa ni ulinzi. Unategemea nani yuko kazini saa hiyo, basi.

Sasa angalia dalili zilivyompotosha mtu. PAKIA ilipofunguliwa ilifuata OVRDBF kama inavyopaswa, ikaanza kuandika kwenye JARIBUDTA/MALIPO, faili ambalo halikuguswa na bado lilikuwa na rekodi zake zote za zamani. Ufunguo wa faili ni wa kipekee. Rekodi ya kwanza ikagongana na iliyokuwepo, na skrini ikaonyesha RNQ1021, kwamba programu imejaribu kuandika rekodi yenye ufunguo unaojirudia. Programa akaona jambo moja tu: faili halikusafishika. Akajibu C, yaani kughairi, akakagua msimbo wake bila kuona tatizo, na saa 12:58 akaendesha programu tena. POKEAMAL ilikuwa imeshaandika malipo mapya 41 kwenye faili hai lililobaki tupu. Nayo yakaenda.

Jibu la kweli lilikuwa kwenye kumbukumbu za kazi, katika ujumbe wa ukamilisho CPC3101. Ujumbe huo unataja memba, faili, na maktaba iliyosafishwa. Ulisema HAIDTA. Mwenye shaka kuhusu CLRPFM aanze hapo: DSPJOBLOG, halafu F10 ili kuona ujumbe wa kina, na asome jina la maktaba herufi kwa herufi kabla ya kurudia chochote. MONMSG haisaidii katika hali hii. Inanasa makosa, na amri haikukosea: ilisafisha faili ililolikuta. Na kama kazi imewekewa LOG(4 0 *NOLIST), ikiisha salama kumbukumbu hizo hazichapishwi. Shahidi anayebaki ni jarida.

Saa 1:20 usiku mtu wa hesabu alifungua ripoti ya siku na kukuta malipo 57 tu. Kuanzia hapo, mpangilio wa hatua ndio unaoamua kama kila kitu kitarudi.

Jambo la kwanza ni kuzuia uandishi. POKEAMAL haisimamishwi kwa HLDJOB, kwa sababu inaweza kugandishwa ikiwa imeshika faili. Itazame kwenye WRKACTJOB mpaka hali yake iwe DLYW, yaani imelala, kisha uiue kwa ENDJOB. Malipo ya simu yanayokuja yatabaki kwenye folda yake ya IFS (eneo la folda na mafaili ya kawaida kwenye mashine) yakisubiri. Zuia pia foleni ya kazi kwa HLDJOBQ, na uhakikishe kwa WRKOBJLCK OBJ(HAIDTA/MALIPO) OBJTYPE(*FILE) MBR(*ALL) kwamba hakuna aliyelishika. Kazi za QZDASOINIT, zinazohudumia ODBC na JDBC (njia za programu za nje kufikia hifadhidata), mara nyingi hubaki na faili mkononi hata baada ya swali kwisha, kwa kuwa SQL huacha njia ya kusomea wazi ili iitumie tena. Dawa yake ni ALCOBJ yenye CONFLICT(*RQSRLS), inayoziomba ziachie.

Pili, hifadhi hali ilivyo sasa hivi, hata kama inaonekana haina thamani. Zile rekodi 57 haziko mahali pengine pazuri zaidi:

CPYF FROMFILE(HAIDTA/MALIPO) TOFILE(OKOA/MALIPO57) MBROPT(*ADD) CRTFILE(*YES)

Hifadhi pia vipokezi vya jarida, vitu vinavyotunza maingizo yake, kwenye tepu kabla ya kuendelea. Watu wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kurudisha huduma, na ni hatua ambayo ukiikosa hakuna pa kurudi.

Tatu, tafuta ni lini na nani:

DSPJRN JRN(HAIDTA/MALIPOJRN) FILE((HAIDTA/MALIPO)) RCVRNG(*CURCHAIN) JRNCDE((F)) ENTTYP(CR)

CR chini ya msimbo F ndiyo alama ya memba kusafishwa. Usafishaji wote, uwe wa rekodi kumi au milioni kumi, ni ingizo moja. Hapa yalitokea mawili: namba ya mfuatano 418207 na 418264, kila moja likiwa na saa, kazi, mtumiaji na programu. Ingizo hilo halina data ndani yake. Rekodi zilizoondolewa hazimo, na ndiyo maana RMVJRNCHG, amri ya kurudisha mabadiliko nyuma, husimama ikikutana na CR. Mfumo hauna cha kurudishia. Anayeanza na RMVJRNCHG anapoteza muda wakati wateja wanasubiri.

Ingekuwa ni DELETE ya SQL iliyofuta rekodi mojamoja, kila rekodi ingeandikiwa R DL (rekodi kufutwa), na jarida lililowekwa IMAGES(*BOTH), yaani taswira za kabla na baada ya badiliko, lingeweza kuzirudisha. Lakini hata hilo lisitegemewe kwa upofu: DELETE isiyo na WHERE, bila udhibiti wa miamala, SQL inaweza kuifanya kwa njia ya haraka, yaani kusafisha memba mzima badala ya kupita rekodi kwa rekodi. Kigezo SQL_FAST_DELETE_ROW_COUNT kwenye QAQQINI, faili la mipangilio ya SQL, ndicho kinachosimamia uamuzi huo.

Njia iliyobaki ni kwenda mbele: rudisha nakala ya akiba, kisha tumia juu yake mabadiliko ya jarida mpaka ingizo la mwisho kabla ya balaa. Nakala ya saa 7 usiku ilikuwa na rekodi 609,922.

RSTOBJ OBJ(MALIPO) SAVLIB(HAIDTA) DEV(TAP01) OBJTYPE(*FILE)
APYJRNCHG JRN(HAIDTA/MALIPOJRN) FILE((HAIDTA/MALIPO)) RCVRNG(*LASTSAVE) FROMENTLRG(*LASTSAVE) TOENTLRG(418206)

Zingatia 418206. Ukiandika 418207, APYJRNCHG italifuata ingizo la CR kwa uaminifu na kusafisha faili ulilotoka kulirudisha. Ukiandika TOENTLRG(*LAST), inakwenda mpaka mwisho wa safu ya vipokezi, na CR zote mbili zimo njiani. Kwenda mbele kunahitaji taswira za baada ya badiliko tu, kwa hiyo IMAGES(*AFTER) inatosha. Kinachotakiwa ni faili liwe lilikuwa likiandikiwa jarida wakati nakala inachukuliwa, na vipokezi vyote tangu wakati huo viwe bado kwenye mashine au viweze kurudishwa. Maingizo ya siku yaliongeza rekodi 2,558, na DSPFD FILE(HAIDTA/MALIPO) TYPE(*MBR) ikaonyesha 612,480.

Zinabaki zile 41 za katikati. Hapa ndipo hata watu wenye uzoefu hujikwaa. Wazo linalokuja haraka ni kuendesha APYJRNCHG ya pili kuanzia 418208 mpaka 418263, kuiruka CR. Usifanye hivyo. Jarida halifuati ufunguo wa rekodi, linafuata namba ya nafasi yake ndani ya memba. Baada ya CLRPFM nafasi zinaanza upya kutoka 1. Ingizo la R PT (rekodi kuongezwa) la malipo ya kwanza baada ya usafishaji linasema rekodi hii iko nafasi ya 1, na kwenye faili lililorudishwa nafasi ya 1 ina malipo ya mteja mwingine kabisa. Rekodi hizo 41 zinapaswa kuchotwa kama data na kuingizwa kama rekodi mpya:

DSPJRN JRN(HAIDTA/MALIPOJRN) FILE((HAIDTA/MALIPO)) RCVRNG(*CURCHAIN) FROMENTLRG(418208) TOENTLRG(418263) JRNCDE((R)) ENTTYP(PT) OUTPUT(*OUTFILE) OUTFILFMT(*TYPE1) OUTFILE(OKOA/MAINGIZO) ENTDTALEN(148)

Kigezo cha mwisho kina uzito. Ukikiacha kilivyo, uga wa JOESD unaobeba rekodi yenyewe hupewa baiti 100, na baiti 48 za mwisho za kila malipo zinakatwa bila kelele. Kama kiasi cha fedha kiko baiti ya 120, umekipoteza na faili linaonekana zima.

Kwenye muundo wa *TYPE1 kuna baiti 125 za maelezo ya jarida, na rekodi inaanzia baiti ya 126. Tengeneza faili OKOA/REKMALIPO ambalo uga wake wa kwanza ni herufi 125, na baada yake nyuga zote za MALIPO kwa majina na mpangilio uleule. Kisha:

CPYF FROMFILE(OKOA/MAINGIZO) TOFILE(OKOA/REKMALIPO) MBROPT(*ADD) FMTOPT(*NOCHK)
CPYF FROMFILE(OKOA/REKMALIPO) TOFILE(HAIDTA/MALIPO) MBROPT(*ADD) FMTOPT(*MAP *DROP)

*NOCHK inanakili baiti kama zilivyo, hivyo namba zilizofungashwa hazivurugiki. *MAP *DROP inalinganisha nyuga kwa majina na kuutupa ule wa baiti 125. Faili lenye nyuga zinazoruhusu thamani tupu litahitaji *TYPE3 badala ya *TYPE1, kwa kuwa ndiyo inayobeba alama za utupu. Na kabla ya kunakili, angalia kama kati ya 418208 na 418263 kuna R UP (rekodi kurekebishwa) au R DL. POKEAMAL huongeza tu, kwa hiyo PT zilitosha. Kazi inayorekebisha rekodi ilizoziandika punde ingehitaji maingizo hayo yafuatwe kwa mpangilio wake.

Mwisho zikaongezwa zile 57 kutoka OKOA/MALIPO57, kwa MBROPT(*ADD). Kidole kikiteleza ukaandika *REPLACE, CPYF inasafisha faili lengwa kwanza. Jumla: 612,480 na 41 na 57 ni 612,578, na ndiyo hesabu ambayo DSPFD inapaswa kuonyesha. Hesabu ya rekodi pekee haitoshi kwa faili la fedha. Jumlisha kiasi na ulinganishe na leja kabla ya kuiwasha POKEAMAL.

Kuna sababu moja iliyofanya rekodi hizo ziingie bila kugongana. Namba ya risiti inatolewa na eneo la data, kitu kidogo cha mfumo kinachotunza thamani nje ya faili, ambalo CLRPFM haikuligusa, hivyo malipo ya jioni ile yaliendelea na namba zilipoishia. Mifumo mingi hupata namba mpya kwa kusoma rekodi ya mwisho kwenye faili na kuongeza moja. Mfumo wa namna hiyo, ukikuta faili tupu, ungeanza tena na risiti namba 1, na malipo 98 ya jioni yangegongana na risiti za kwanza kabisa za faili. Ingebidi kuwapa wateja namba mpya wakati risiti zimeshatumwa kwenye simu zao. Anayejenga mfumo wa malipo aitoe namba nje ya faili la malipo.

Faili lisiloandikiwa jarida lingeishia kwenye nakala ya saa 7 usiku, na siku nzima ya kazi ingeingizwa upya kwa mkono kutoka kwenye karatasi, kama karatasi zipo. Usafishaji unarudisha nafasi ya diski kwa mfumo palepale. Hakuna alama za rekodi zilizofutwa za kufufua, tofauti na faili lililofutwa rekodi mojamoja, ambalo nafasi zake hubaki mpaka RGZPFM ipite au REUSEDLT(*YES) izijaze.

Upande wa kuzuia, marekebisho ya programu ni ya dakika chache. Taja maktaba kwenye CLRPFM kila mara. Kama maktaba inapaswa kubadilika, iweke kwenye kigeugeu, na kabla ya kusafisha uulize mfumo utakwenda wapi:

RTVOBJD OBJ(&MAKTABA/MALIPO) OBJTYPE(*FILE) RTNLIB(&WAPI)
IF COND(&WAPI *NE 'JARIBUDTA') THEN(SNDPGMMSG MSGID(CPF9898) MSGF(QCPFMSG) MSGDTA('Si maktaba ya majaribio') MSGTYPE(*ESCAPE))
CLRPFM FILE(&WAPI/MALIPO)

Kwa data za muda tu, afadhali usiguse faili la kudumu lolote. CRTDUPOBJ OBJ(MALIPO) FROMLIB(HAIDTA) OBJTYPE(*FILE) TOLIB(QTEMP) DATA(*NO) CST(*NO) TRG(*NO) inatoa faili tupu ambalo kazi yako peke yake inaliona na linakufa kazi ikiisha. TRG(*NO) isisahaulike. Bila hiyo triga za faili hai, yaani programu zinazojiendesha zenyewe rekodi inapobadilika, zinahamia kwenye nakala, na kila rekodi ya majaribio inaweza kutuma ujumbe kwa mteja wa kweli. Kutoka toleo la 7.2 kuna pia TRUNCATE ya SQL, na ukiiandika RESTRICT WHEN DELETE TRIGGERS inakataa kusafisha faili lenye triga za kufuta.

Ulinzi mzito zaidi uko kwenye ruhusa, nao ulikuwepo bila kutumika. CLRPFM inadai *OBJOPR (kutumia kitu), *DLT (kufuta rekodi), na pamoja nazo *OBJMGT (kusimamia kitu) au *OBJALTER (kukibadilisha). Ruhusa ya *CHANGE inatosha kusoma, kuongeza, kurekebisha na hata kufuta rekodi mojamoja, lakini haina *OBJMGT wala *OBJALTER, kwa hiyo mwenye *CHANGE hawezi kusafisha faili. Programa huyu alikuwa na *USE tu kwenye HAIDTA/MALIPO. Lakini wasifu wake ulikuwa na *ALLOBJ, mamlaka juu ya vitu vyote, aliyopewa wakati wa kuhamia mashine mpya na haikuondolewa, na *ALLOBJ inapita juu ya ruhusa zote za faili. Angalia wasifu wa kila programa kwa DSPUSRPRF, kisha angalia maprogramu yaliyowekwa USRPRF(*OWNER) ambayo mmiliki wake ana *ALLOBJ, kwa sababu anayeyaita hupata uwezo huohuo kwa muda yanapoendesha.